Kumwaga oili mwenyewe au kumwachia fundi: ninavyofanya na IST yangu hapa Tanga

Wadau mnaoendesha vigari vidogo, hii naiandika kwasababu ya filta moja. Nilipeleka gari gereji fulani, nikalipia oili, nikalipia na filta mpya, nikakaa kwenye benchi nje nakunywa kahawa, baada ya nusu saa naambiwa tayari bosi. Service iliyofuata nikaenda kwa fundi mwingine, mzee mmoja wa Ngamiani, akaingia chini ya gari alafu akaniita, "Mwanangu, njoo uangalie hapa." Nikainama. Kwenye kile kibati cha filta kulikuwa na tarehe nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe na marka peni, ya siku ambayo mimi na shemeji yangu tuliifunga uwani kwetu, yaani hiyo filta ilikuwa na umri wa service mbili na pesa ya mpya nilishalipa zamani. Mzee alipoifungua oili iliyotoka humo ilikuwa nzito kama asali iliyoungua.

Tangu hapo namwaga mwenyewe, na watu wengi wananiuliza je unaokoa pesa? Jibu la kweli ni kwamba kidogo sana. Fundi wa mtaani ananichaji elfu 10 ya ufundi, wengine elfu 5, na vituo vingine vya mafuta ukinunua oili kwao wanakumwagia bure kabisa. Mimi vifaa vyote vilinitoka kama laki na ishirini, jeki ya maana, stendi mbili, spana, ule mkanda wa kufungulia filta, beseni, faneli. Nabadilisha mara nne kwa mwaka, piga hesabu utaona itanichukua miaka mitatu kurudisha hiyo hela. Kwahiyo kama shida yako ni elfu 10 tu usijisumbue. Faida yenyewe ni kujua kilichoingia kwenye injini na kilichotoka, na hiyo faida unaweza kuipata hata kwa fundi kama utafanya nitakachosema huko mbele.

Tuanze na oili yenyewe maana hapa ndo watu wanapigwa na hapa ndo wanajipiga wenyewe. IST zetu hizi za cc 1300 na cc 1500 zina injini za VVT-i, yaani zenye mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, na Toyota kwenye kitabu chao wanataja 5W-30. Ile namba ya kwanza yenye W inaonyesha oili inavyotiririka ikiwa baridi, ya pili inaonyesha uzito wake injini ikiwa imepamba moto, kwenye nyuzi 100. Utasikia mtu anakwambia Tanga hakuna baridi weka 20W-50 au weka namba 40 ndo nzito inalinda injini. Ni kweli hatuna baridi, lakini ile VVT-i inafanya kazi kwa presha ya oili inayopita kwenye vinjia vyembamba sana, na asubuhi ukiwasha oili nzito inachelewa kufika juu kwenye kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, na kule juu kunasagika kavu kavu mpaka ifike. Kama gari imechoka inakula oili hilo jambo jingine, fundi anaweza akakushauri upande kidogo, lakini gari nzima usiijazie uji.

Alafu soma herufi. Kwenye galoni kuna maandishi API, herufi ikianza na S ni ya injini za petroli, ikianza na C ni ya dizeli, nyingine zina zote mbili. Na ndugu zangu wa bodaboda, oili ya gari msiimimine kwenye pikipiki, klachi ya pikipiki nyingi inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, ya gari inaweza kufanya klachi iteleze, tafuteni iliyoandikwa JASO MA.

Kuhusu feki, kuna mtu anakusanya magaloni matupu anajaza oili iliyochujwa au iliyochakachuliwa anarudisha sokoni. Angalia kifuniko, ule mkufu wa plastiki uwe haujakatika, na foili ya ndani iwe imebana vizuri. Bei ikiwa chini sana kuliko maduka mengine yote jiulize kwanini. Na ukimaliza kumimina toboa lile galoni, mimi napiga msumari mara tatu chini kabisa ndo natupa, hata nikiwa kwa fundi natoboa palepale mbele yake, hakuna aliyewahi kunikasirikia.

Haya sasa kazi. Unahitaji galoni ya lita 4, kwa injini hizi inaingia lita 3.7 ukibadilisha na filta, kwahiyo inabaki kidogo ya kuongezea baadae. Filta mpya, washa mpya ya bolti ya sampu (sampu ni lile bakuli la oili chini ya injini), washa ni kile kiringi chembamba ambacho watu wanakirudisha kila siku mpaka kinakuwa kama karatasi alafu wanashangaa gari inavuja. Spana namba 14, iwe ya ringi au boksi, sio ile ya mdomo wazi maana inateleza inakula kona za bolti. Sisi tunaokaa karibu na bahari, Raskazone huko na Chumbageni, chumvi inakula vyuma, bolti ikiwa na kutu ipulizie dawa ya kulegeza usiku wa kuamkia.

Washa injini dakika tano mpaka kumi ipate vuguvugu, oili ya vuguvugu inatoka na uchafu wake. Ukiwa umetoka safari ya Korogwe muda huohuo usiifungue, itakuunguza mkono, acha kwanza. Gari iwe sehemu tambarare na ngumu, na hili nalisema kwa uzito wote, ua nyingi za Tanga zina mchanga na jeki kwenye mchanga inazama, kama huna sakafu ya saruji au lami usipige jeki nenda kwenye shimo la gereji. Handbreki juu, gia iwe P, magurudumu ya nyuma weka mawe au magogo mbele na nyuma. Nyanyua mbele, weka stendi mbili sehemu ngumu za chesisi, shusha gari ikalie stendi, itikise kwa nguvu kabla hujaingia. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake hata kama ni sekunde moja kuokota spana, na tofali la saruji sio stendi, linapasuka ghafla bila kukuonya. Kuna watoto wanakusubiri ndani.

Fungua kifuniko cha oili juu ya injini ili hewa iingie, alafu ndo uende chini. Hapa tulia, hakikisha bolti unayoifungua ni ya sampu ya injini, maana karibu yake kuna ya gia boksi na watu wanamwaga hydrolik ya gia alafu wanajaza oili juu ya oili. Kwenye yangu bolti ya injini inafungwa kwa spana 14, ya gia ina tundu la L-key. Ukiona yanatoka mekundu simamisha hapohapo rudisha bolti. Ikishalegea fungua kwa vidole huku unaisukuma juu kama unairudisha, ukifika mwisho iondoe haraka pembeni, ukifanya hivyo oili haikumwagikii kiganjani. Beseni liwe la lita 5 au zaidi na usiliweke moja kwa moja chini ya tundu, mwanzoni inaruka mbele kama bomba.

Iache dakika 15 nzima, usiwe na haraka. Wakati inadondoka chukua kidogo kwenye vidole, sugua, angalia kwenye jua. Nyeusi sio tatizo, oili inabeba masizi ndo kazi yake, na kwenye dizeli inakuwa meusi karibu siku ileile. Tatizo ni ukiona vumbi la chuma linametameta kama rangi ya kucha, hapo kuna kitu kinasagika, au ukiona rangi ya chai ya maziwa, hapo kuna maji yameingia na gari isitembee mpaka ionwe. Hivi vitu viwili fundi mwenye foleni ya magari sita hana muda wa kukuangalizia.

Filta sasa. Inafunguka kinyume na saa, shika na tambara, nayo ina oili ndani. Ikishatoka jambo la kwanza, kabla ya chochote, angalia raba yake, imekuja na filta au imebaki imeganda kwenye injini? Ikibaki alafu ukafunga filta mpya juu yake zinakuwa raba mbili, na raba mbili hazikai, ukikanyaga mafuta presha inaisukuma ya juu nje na oili yote inaweza kumwagika barabarani dakika chache tu. Shemeji yangu ilimkuta njia ya Pangani, bahati nzuri aliona taa nyekundu ya oili akazima palepale, injini ikapona. Kwahiyo pitisha kidole kule kwenye injini, kuzunguka duara lote, uhisi bati tupu. Paka raba mpya oili safi kwa kidole, funga kwa mkono mpaka raba iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono tu. Ule mkanda ni wa kufungulia, sio wa kukazia.

Bolti ya sampu weka washa mpya, anza kwa vidole mizunguko mitatu minne ya bure, ikigoma mapema imeingia upande itoe uanze upya. Spana fupi, mkono mmoja, ikikamata ongeza kidogo basi. Anayening'inia kwenye spana ndo anakula uzi wa sampu, na sampu kuibadilisha ni gharama ya service nyingi sana.

Shusha gari. Mimina kama lita 3 na nusu, funga kifuniko, washa. Taa ya oili inatakiwa izime ndani ya sekunde chache, isipozima zima wewe. Ikizima acha iunguruke dakika moja mbili huku unachungulia chini pale kwenye filta na bolti. Zima, subiri dakika tano, futa stiki ya kupimia, chovya, soma. Ongeza kidogo kidogo mpaka karibu na alama ya juu na usiipite, oili ikizidi krenki, ile shafti kubwa inayozunguka chini ndani ya injini, inaipiga inakuwa povu na povu halilindi kitu.

Ile chafu usimwage mtaroni, mitaro yetu inaishia baharini ambako ndo tunakula samaki, na uani kuna visima. Rudisha kwenye kidumu, peleka gereji yenye pipa, kuna watu wanakuja kuinunua. Wengi tunapaka nguzo na mbao dhidi ya mchwa, sawa, lakini vaa glavu na nawa kwa sabuni, oili iliyotumika ina vitu vinavyodhuru ngozi ukiizoea miaka na miaka.

Sasa kama huwezi yote haya, na wengi hamuwezi kwasababu ya mchanga au muda au mgongo, nenda kwa fundi bila aibu lakini nenda na oili yako na filta yako umenunua mwenyewe. Andika tarehe kwenye filta mbele yake, simama pale, usikae benchi. Mwambie kwa heshima, "Fundi, naomba nione ya zamani ikitoka." Akitaka kuosha injini kwa dizeli kabla ya kuweka mpya mkatalie, ile dizeli haitoki yote inabaki ndani inaifanya oili mpya kuwa nyepesi. Na mpe haki yake pia, yule mzee wa Ngamiani siku ileile akiwa chini aliona buti ya draivshafti, ile raba inayofunika kiungo cha shafti ya gurudumu, imeanza kuchanika, kitu ambacho mimi nisingekiona kwa miezi, ndo maana mpaka leo kila service ya nne nampelekea yeye hata kama vifaa ninavyo.

Muda wa kubadilisha, mimi nafanya kilomita 5000, maana tuna vumbi, joto na safari fupi fupi za sokoni na shule. Ukienda Dar na kurudi ni kama kilomita 700, safari saba zinakaribia kuimaliza. Gari isipotembea sana basi isizidi miezi sita.

Na kesho yake asubuhi kabla hujawasha chungulia chini. Ukikuta doa liguse, kama ni maji matupu ni ya AC, kama ni oili panda juu kwa bolti na filta uone inakoanzia. Pima stiki tena gari ikiwa imepoa usiku kucha, alafu andika kilomita kwenye kipande cha selotepu ubandike ndani ya boneti.