Somo: Kuchagua vipuri vinavyopatana kwa kompyuta ya kuchorea majengo

Wachora plani wengi hapa Lubumbashi huanza kununua kadi ya grafiki, halafu wanatafuta ubao mama wowote wa bei ndogo, halafu wanashangaa mbona RAM (vijiti vya kumbukumbu ya kazi) haiingii. Anza na programu unayoifungua kila asubuhi. Programu itakuchagulia prosesa, prosesa itakuchagulia ubao mama, na ubao mama utakuchagulia RAM. Kadi ya grafiki yenyewe ina madai mawili tu: pawasaplai (kinacholisha mashini umeme) na keisi.

Hatua ya 1: Programu

Katika AutoCAD na Revit, sehemu kubwa ya kuchora hufanywa na kiini kimoja cha prosesa. Prosesa ya viini 6 yenye kasi huishinda ya viini 16 iliyo ya polepole. Mambo hubadilika ukifika kwenye kutoa picha, yaani rendering, na programu zake. V-Ray ikitumia prosesa hula viini vyote. Lumion, Twinmotion na Enscape zinaegemea kadi, na kumbukumbu ya kadi ndiyo huisha mapema ukijaza miti na nyasi. Sasa jiulize: unachora siku nzima na kutoa picha mara mojamoja, au wateja wako hawasaini mpaka waone video ya nyumba ikiwaka taa usiku?

Hatua ya 2: Soketi, yaani tundu la prosesa kwenye ubao mama (hapa usiwe na haraka)

Madukani utakutana zaidi na familia hizi:

- AM4: Ryzen za AMD hadi mfululizo wa 5000, RAM ya DDR4 tu.
- AM5: Ryzen 7000 na kuendelea, iliingia 2022, DDR5 tu.
- LGA1700: Intel kizazi cha 12, 13 na 14. Kuna ubao wa DDR4 na ubao wa DDR5, na majina yake hukaribia kufanana. Soma boksi lote.
- LGA1851: Core Ultra 200, DDR5 tu.

Kijiti cha DDR4 na cha DDR5 vina urefu mmoja, ila pengo la chini limekaa mahali tofauti. Kikikataa kuingia, usisukume.

Soketi kulingana bado haitoshi. Ubao wa B450 wa zamani ni AM4 kabisa, lakini Ryzen 5 5600 haitawaka juu yake kama BIOS, programu ndogo inayouwasha ubao, haijasasishwa. Muuzaji akisema "inaingia", anasema kweli: inaingia. Kuwaka ni habari nyingine. Fungua tovuti ya mtengenezaji wa ubao, tafuta orodha ya prosesa zinazokubalika, angalia na toleo la BIOS linalotakiwa. Mabishano ya dukani yaishie hapo.

Angalia pia herufi ya mwisho ya jina la prosesa. Core i5-12400F haina grafiki ya ndani, na Ryzen 5 5600, isiyo na herufi, vilevile. Bila kadi, skrini itabaki nyeusi na utadhani umeuziwa kitu kibovu.

Mfuko ukiwa mdogo, AM4 bado inafanya kazi nzuri. Ukiweza kuongeza, chukua AM5, maana AMD imesema itaendelea nayo hadi 2027 na zaidi, kwa hiyo kesho unaweza kubadili prosesa peke yake.

Hatua ya 3: RAM na diski

GB 32, vijiti viwili vya 16 kutoka boksi moja. Ubao wenye nafasi nne, weka ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Diski iwe SSD ya NVMe, aina ya kasi. Ile ya M.2 ya SATA inafanana nayo kwa umbo, kwa hiyo soma maandishi.

Hatua ya 4: Kadi ya grafiki

RTX 4060 ina GB 8 za kumbukumbu na inakula wati 115. RTX 3060 ina GB 12 na inakula wati 170. Hakikisha ni ya 12, maana ya 8 pia ipo. Mtu wa Lumion ningempa 3060. Anayefanya kazi kwa betri na sola ningempa 4060. Pima urefu wa kadi na nafasi ya ndani ya keisi kabla ya kulipa.

Hatua ya 5: Pawasaplai, ile mafundi wa hapa wanaita alimantasyo

Hapa sikubali kubana pesa. Umeme wa SNEL ukikatika na kurudi kwa kishindo, hiki ndicho kinapigwa mbele ya vingine vyote. Kwa kadi hizo mbili, wati 550 za kweli zinatosha. Zile zinazoandikwa 700 na boksi ni jepesi mkononi, ziache dukani. Nyuma ya baadhi ya zile za bei ndogo kuna swichi nyekundu ya 115/230. Kwetu ni volti 220: iwe kwenye 230 kabla ya kuchomeka, la sivyo inalipuka.

Keisi itoshe ubao wako: ubao wa ATX ni mm 305 kwa 244, micro-ATX mm 244 kwa 244. Chukua yenye vichujio vya kutoa na kuosha. Vumbi letu jekundu la kiangazi mnalijua.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Kamalondo: Yaya, niko na mashini ndogo ya ofisi, ya kulala. Naweza kuitia RTX 3060?

Jibu: Hapana, mdogo wangu. Keisi ni fupi, na pawasaplai yake mara nyingi haina waya wa kulisha kadi. Tafuta kadi fupi isiyohitaji waya wa ziada, kama RTX A2000: inakula wati 70, na nafasi ya ubao hutoa hadi 75.

Mwanachama, Bukavu: Muuzaji anasema mchora majengo lazima anunue kadi ya "kiprofesionali". Ni kweli?

Jibu: Si lazima, dada. Faida yake kubwa ni madreva yaliyothibitishwa na watengenezaji wa programu. Kwa Revit, SketchUp na Lumion, GeForce, kadi ya kawaida kama zile mbili za Hatua ya 4, ya bei ileile kwa kawaida itakutolea picha haraka zaidi.

Mwanachama, Katuba: Onduleri yangu (UPS, ile ya betri ya kushikilia umeme) ni ya VA 650. Courant ikikatika, mashini inazimika palepale. Betri ni mpya.

Jibu: Soma wati, si VA. VA 650 mara nyingi ni kama wati 360 tu, na ukitoa picha huku skrini mbili zimechomekwa humo unaikaribia. Toa skrini moja, jaribu tena. Ikizimika hata mashini ikiwa imetulia, huenda pawasaplai yako haipendi mawimbi ya ngazi-ngazi ya onduleri za bei ndogo. Hapo utahitaji yenye wimbi laini. Na printa ya leza usiichomeke humo kabisa.