Mshono wa upasuaji wa uzazi: namna ya kutambua maambukizi mapema

Mshono ulioambukizwa mara nyingi hujionyesha kati ya siku ya 4 na ya 10, mzazi akiwa keshatoka hospitali, na huweza kuchelewa hadi siku ya 30. Kwa hiyo jicho la kwanza ni la anayemuuguza nyumbani.

1. Kagua kila siku, mchana, karibu na dirisha. Nawa mikono kwa sabuni, mlaze chali, inua tumbo taratibu. Mshono hujificha kwenye mkunjo, na joto la Mombasa, hasa wakati wa kaskazi, hupalowesha jasho. Piga picha kwa simu, daktari atazihitaji.

2. Tazama, kisha gusa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri: tafuta weusi uliokolea au rangi ya zambarau, na ngozi inayong'aa kwa kuvimba. Gusa kando ya mshono kwa mgongo wa kiganja, halafu ubavuni, ulinganishe joto. Chora kwa kalamu ukingo wa uvimbe. Uvimbe ukivuka mstari, mpeleke hospitali. Maumivu yaliyokuwa yakipungua yakizidi upya, usiyapuuze.

3. Majimaji mepesi ya waridi, machache, siku za mwanzo, hayana neno. Usaha, harufu mbaya au mshono kuachia ni maambukizi mpaka daktari aseme vingine.

4. Pima homa kabla hajameza paracetamol, kwani hushusha joto na kuficha dalili. Ikifika nyuzi 38, aonwe siku hiyohiyo.

Kukandwa kwa maji moto na kufungwa leso ni mapenzi ya wakubwa wetu, lakini maji moto yasifike kwenye mshono, wala leso isibane hapo: huunguza na kufungia jasho. Unga wa kapsuli za dawa usinyunyizwe kabisa kwenye mshono. Hugandamana juu, usaha ukaendelea kujaa chini.

Usingoje asubuhi akiwa na homa na maumivu makali ndani ya saa 48 za upasuaji, akitetemeka kwa baridi, akipumua mbiombio, akichanganyikiwa, au damu ya uzazi ikinuka huku tumbo la chini likiuma. Mpeleke Makadara, Hospitali Kuu ya Pwani; aliyeko Likoni aanzie hospitali ya upande huohuo badala ya kungojea feri. Beba karatasi za hospitali na dawa zote alizopewa, na useme kwamba ananyonyesha, ili achaguliwe dawa inayomfaa.