Kutoka Hati ya Kale Hadi Kinandani: Jinsi Ninavyojifunza Fuga

Mwanakwaya yeyote anaijua fuga hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Sauti moja inatangulia peke yake, ya pili inaingia na wimbo uleule, kisha ya tatu, kisha ya nne, na kila anayeingia anawakuta wenzake wako njiani. Kwa Kilatini neno hilo ni kukimbia. Wapiga kinanda wa Ujerumani wa karne ya 17 na 18 waliufikisha mchezo huo mahali ambapo mtu mmoja, kwa mikono miwili na miguu miwili, anaendesha sauti nne zinazokimbizana bila moja kuikanyaga nyingine.

Nyingi ya fuga hizo hazikuchapwa watunzi wake wakiwa hai. Zimetufikia kwa sababu kuna mtu aliyekaa na kalamu ya unyoya akazinakili. Hapa naeleza ninavyofanya nikitaka kujifunza fuga kutoka kwenye hati yenyewe, na mfano wangu ni Fuga ya G maina (minor) ya Johann Sebastian Bach, BWV 578, yaani namba yake katika orodha ya kazi za Bach.

Hatua ya 1: Mjue aliyeandika

Usikimbilie nota. Uliza kwanza: huu ni mkono wa nani? Hati ya BWV 578 iliyoandikwa na Bach mwenyewe haipo. Tunayo nakala ndani ya kitabu kiitwacho Andreas Bach Buch, kilichohifadhiwa Leipzig, na mnakili wake mkuu ni Johann Christoph Bach wa Ohrdruf, kaka mkubwa wa Johann Sebastian.

Huyu kaka ndiye aliyemlea mdogo wake baada ya wazazi kufariki. Taazia ya Bach iliyochapwa mwaka 1754 inasimulia kwamba kaka alikuwa na kitabu cha nyimbo za Froberger, Kerll na Pachelbel, akakifungia kabatini. Mtoto akawa anakichomoa usiku kupitia matundu ya mlango wa kabati na kukinakili kwa mbalamwezi, miezi sita. Kaka alipogundua, akamnyang'anya nakala. Na leo fuga ya mtoto yule tunaipata ndani ya kitabu cha kaka yuleyule. Kila nikikifikiria kisa hiki, nashika penseli kwa heshima zaidi.

Hali hutofautiana. Tokata na Fuga ya D maina, BWV 565, inayojulikana na kila mtu, inategemea hasa nakala ya Johannes Ringk. Hati ya Preludi na Fuga ya E maina, BWV 548, iliyoko Berlin, imeanzwa na Bach mwenyewe na kumaliziwa na Johann Peter Kellner. Ukijua mkono ni wa nani, utajua pia kosa unalolishuku huenda ni la nani.

Hatua ya 2: Tafuta picha, zaidi ya moja

Ingia tovuti ya Bach Digital, andika namba ya BWV, utaona orodha ya nakala za kazi hiyo na maktaba zinakokaa. Nyingi ziko Staatsbibliothek ya Berlin. Chukua angalau nakala mbili zenye picha.

Utakutana na madoa. Wino wa zamani ulitengenezwa kwa chumvi ya chuma na vinundu vya mti wa mwaloni, na chuma hicho hula karatasi polepole hadi maandishi ya upande wa pili yanajitokeza. Ukishuku kwamba kitone si nota, fungua picha ya upande wa nyuma wa karatasi hiyohiyo, uigeuze kama kwenye kioo. Kitone kikilingana na nota ya huko, kifute akilini.

Hatua ya 3: Zoea alama za wakati ule

Mkono wa kulia mara nyingi umeandikwa kwa ufunguo wa C uliokaa mstari wa chini kabisa. Maana yake mstari huo ni C ya kati, si E. Njia ya haraka: soma kana kwamba ni ufunguo wa soli, kisha teremka hatua mbili. Baada ya wiki moja hutahitaji hesabu hiyo.

Shapu (alama ya kupandisha nota nusu hatua) na flati (ya kuishusha) ndizo zinazowaangusha wengi. Siku hizi shapu inadumu hadi mwisho wa kipimo, yaani hadi mstari wa wima unaofuata. Zamani kwa kawaida iligusa nota yake tu. Tena flati ilitumika kufuta shapu: F yenye flati baada ya F shapu mara nyingi ni F ya kawaida. Na wimbo wa D maina unaweza kuandikwa bila flati yoyote mwanzoni mwa mstari, B flati zikawekwa moja moja ndani.

Hatua ya 4: Nakili kwa mkono wako

Hapa ndipo kazi ilipo, wala sioni njia ya mkato. Chora mistari minne ya nota: soprano, alto, tenor, besi. Hati ina miwili tu, kwa hiyo unalazimika kuamua kila nota ni ya nani. Uamuzi huo ndio kuijua fuga.

Anza na wimbo mkuu, ule ambao kila sauti huingia nao. Ukilelewa na solfa kama mimi, weka Doh ni B flati uandike: l m d t l d t l se t m. Uimbe hadi uwe wako. Kisha tafuta kila mahali unaporudi, upake rangi. Soprano inatangulia, alto inajibu kipimo cha 6, tenor cha 12, na miguu inaingia cha 17.

Kipimo cha 25 kilinishinda siku mbili. Tenor inauanza wimbo mkuu, nikaufuata kwa rangi, ukapotea. Nikadhani mnakili karuka. Kumbe soprano imeupokea katikati na kuendelea nao juu. Katika kitabu kilichochapwa nilikuwa nimepiga sehemu hiyo miaka mingi bila kuliona hilo.

Hatua ya 5: Linganisha, ndipo ushuku

Makosa ya wanakili yana tabia zake: nota kukaa mstari wa juu au wa chini ya mahali pake, alama ya shapu kusahaulika, au kipimo kizima kurukwa pale umbo moja linaporudiwa. Nakala mbili zikitofautiana, jiulize ipi inalingana na wimbo mkuu ulivyoingia pengine. Andika shaka yako pembeni, usifute. Mwishoni, fungua toleo la kisasa la Neue Bach-Ausgabe uone wahariri waliamua nini. Ukilifungua mapema litakuamulia.

Hatua ya 6: Gawa mikono na miguu

Neno "Ped.", yaani pedali za miguu, laweza kukosekana. Ikiwa mkono wa kushoto haufikii tenor na besi kwa pamoja, besi ni ya miguu. Kinanda cha kanisa lenu hakina pedali? Mpe mwenzako besi kwenye kinanda cha pili. Nimefanya hivyo mara nyingi, na sauti nne zinasikika wazi.

Fanya mazoezi ya sauti mbili mbili, besi na soprano kwanza, polepole, huku ukiimba ya tatu. Wimbo mkuu unarudi miguuni mara ya mwisho kipimo cha 63. Usiongeze mwendo hapo. Kipimo cha 68 chunguza B ya mwisho: ni B ya kawaida, si flati, na fuga iliyotembea katika maina yote inatua kwenye meja (major). Ishikilie hadi kanisa liijibu.