"Itakuwa tayari lini?" Jinsi ninavyokadiria muda wa kazi ya programu

Swali hili huja kabla mteja hajamaliza hata kueleza anachotaka. Usilijibu hapo hapo. Tarehe utakayoitaja kikaoni, hata ukiizungushia "labda" tatu, itaandikwa kwenye kumbukumbu, na zile "labda" hazitaandikwa. Mimi huomba siku mbili. Nasema, "Nipe mpaka keshokutwa, nikuletee muda pamoja na maelezo yake," na sijaona mteja aliyekimbia kwa sababu hiyo.

Kazi ya kwanza ya hizo siku mbili haihusu muda kabisa. Naandika kwa sentensi chache hali itakavyokuwa mradi ukiisha: mhasibu anaingia kwa nenosiri lake, anaona ankara zote za zamani, anatoa ripoti ya mwezi bila kumpigia mtu simu. Mtengeneza programu akiachiwa mwenyewe, kwake kazi imeisha pale mfumo unapofanya kazi kwenye kompyuta yake. Kati ya hapo na yule mhasibu kuna kuhamisha data za zamani, kuandaa seva, kusubiri duka la programu za simu lipitishe toleo lako, na kufundisha watumiaji. Linus Torvalds, muundaji wa Linux, alianza kuandika Git, programu ya kutunza historia ya msimbo (maandishi yanayounda programu), Aprili 2005, na baada ya siku chache tu ilikuwa tayari inahifadhi msimbo wake yenyewe. Toleo la 1.0 lilitoka Desemba mwaka huo huo. Kwa hiyo ilimchukua siku au miezi? Inategemea ulimuuliza nini.

Baada ya hapo vunja kazi vipande vidogo, kila kimoja kisizidi siku moja. Hapa ndipo muda uliojificha hujitokeza, kwa hiyo usiwe na haraka. Chukua ukurasa wa "nimesahau nenosiri". Muulize yeyote, atakwambia ni kazi ya asubuhi moja: kisanduku cha barua pepe, kitufe, ujumbe unatumwa, basi. Sasa ifungue kazi yenyewe. Mfumo utengeneze tokeni isiyobahatishika, yaani herufi za siri zinazowekwa kwenye kiungo anachotumiwa mtu, na kwenye hifadhidata uweke hashi yake (alama inayotokana nayo isiyoweza kurudishwa kuwa tokeni), sio tokeni yenyewe. Tokeni ife baada ya muda mfupi, na ife pia ikishatumika. Mtu akiomba mara tatu mfululizo, vile viungo viwili vya mwanzo vinakuwaje? Akiandika anwani isiyo na akaunti, jibu la kwenye skrini liwe lile lile, la sivyo mdukuzi atautumia ukurasa wako kujua nani ana akaunti na nani hana. Uzuie anayebofya mfululizo bila kikomo. Nenosiri likishabadilishwa, simu yake nyingine iliyokuwa ndani ya akaunti itolewe au iachwe? Halafu ujumbe wenyewe unaangukia kwenye folda ya barua taka, na ghafla unashughulika na SPF na DKIM, rekodi zinazothibitisha kwamba barua pepe imetoka kweli kwenye kikoa (jina la mtandaoni) cha mteja, wakati mwenye ruhusa ya kuingia kwenye mipangilio ya kikoa hicho ni mtu aliye likizo.

Mimi naandika siku tatu kwa ukurasa huo, wala sioni haya.

Utagundua kwamba katika orodha hiyo kuandika msimbo ni sehemu ndogo. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta kubwa za IBM, alipendekeza mwaka 1975 mgawanyo huu: theluthi moja ya muda iende kwenye kupanga, sehemu moja ya sita kwenye kuandika msimbo, robo kwenye kujaribu vipande na majaribio ya mwanzo, na robo nyingine kwenye kujaribu mfumo mzima. Ukiufuata hivyo hivyo, mtu akikwambia msimbo utamchukua wiki moja, mradi ni wiki sita. Kwa miradi midogo inayojengwa juu ya maktaba zilizo tayari, naona hilo limezidi kidogo. Mimi huzidisha mara tatu. Lakini kama kuna pesa au data za wagonjwa ndani yake, narudi kwa Brooks bila ubishi.

Kwa kila kipande, omba namba tatu badala ya moja: mambo yakienda vizuri, yakienda kama kawaida, na yakiharibika. Kuna kanuni iliyotoka kwenye mradi wa makombora ya Polaris wa jeshi la majini la Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950: chukua namba nzuri, ongeza ya kawaida mara nne, ongeza mbaya, gawanya kwa sita. Tuseme ni siku 2, 4 na 12. Unapata 2 + 16 + 12, yaani 30, ukigawanya ni siku 5. Angalia kwamba jibu limepita ile "kawaida" ya siku 4. Ni kwa sababu kazi haiwezi kuwahi sana, lakini kuchelewa hakuna mwisho.

Hata hivyo, kinachonifaa zaidi ni mazungumzo kuliko hesabu yenyewe. Mtu akiulizwa "na mambo yakiharibika?" ndipo anasema, "Eh, kama ile API ya malipo haina mazingira ya majaribio..." (API ni njia ya programu moja kuzungumza na nyingine.) Hilo ndilo ulilokuwa unalitafuta. Na pale ambapo namba nzuri na mbaya zimeachana mno, siku 1 na siku 20 kwa mfano, usikadirie kabisa. Tenga siku moja au mbili za kuchokonoa kitu hicho tu: ita API, soma majibu yake, jaribu kuisababishia hitilafu. Kisha kadiria.

Sasa usiamini ulichokipata. Sisemi hivyo kwa utani. Mwaka 1994 wanasaikolojia Buehler, Griffin na Ross walichapisha matokeo ya kuwauliza wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu watamaliza baada ya siku ngapi. Wastani wa makadirio ulikuwa siku 34 hivi. Uhalisia ukawa siku 55 na ushee, na waliomaliza kwa tarehe waliyoitaja wenyewe hawakufika theluthi. Usomi hauponyi hili. Donald Knuth, profesa wa sayansi ya kompyuta, alidhani TeX, programu yake ya kupanga kurasa za vitabu, ingemalizika akiwa kwenye likizo yake ya utafiti ya mwaka 1978. Ilifika 1989 ndipo lugha hiyo ikafungwa isibadilishwe tena.

Dawa pekee ninayoijua ni kumbukumbu zako mwenyewe. Nina jedwali lenye safu nne: kazi, nilichokadiria, kilichotokea, sababu. Safu ya mwisho iwe ya maneno machache tu, "data za mteja chafu", "mahitaji yalibadilika", la sivyo utaacha kuijaza. Baada ya miezi kadhaa gawanya safu ya tatu kwa ya pili. Uwiano wangu huzunguka moja na nusu kwa kazi ninazozijua, na hupita mbili pale ninapounganisha mfumo wa mtu mwingine. Makadirio mapya nayazidisha kwa namba hizo hata moyo ukikataa, na moyo hukataa kila mara.

Jambo dogo linalosahaulika: siku ya kazi haina saa nane za msimbo. Toa vikao, kukagua msimbo wa wenzako, na simu za "kuna kitu kimegoma". Mimi nahesabu saa nne hadi tano.

Ukirudi kwa mteja, mpe masafa yenye sharti: "Wiki sita hadi tisa, ikiwa tutapata data za zamani kwa Excel kabla ya wiki ya pili kuisha." Atauliza kama haiwezekani wiki nne. Usishuke. Mwonyeshe orodha ya vipande, umuulize kipi kitoke. Ukipunguza namba bila kupunguza kazi, utakuwa umemfundisha kwamba makadirio yako yanapunguzwa kwa kuombwa, na mradi ujao ataanza kuomba mapema.

Kila Ijumaa linganisha vipande vilivyokwisha na muda uliotumika. Muda uliotumika ukiwa umeshafika mara mbili ya uliokadiriwa wakati bado mko kwenye robo ya kwanza, usijipe moyo kwamba mtafidia mbele. Andika siku hiyo hiyo: "Tarehe imesogea kutoka tarehe 10 hadi tarehe 24. Tukiacha ripoti za PDF kwa toleo la pili, tunarudi tarehe 14." Huenda meneja akajibu kwamba analeta watu wawili wa kusaidia. Mkumbushe kwa adabu onyo la Brooks, kwamba mradi uliochelewa ukiongezewa watu huchelewa zaidi, maana wanaoujua mfumo wataacha kazi wawafundishe wageni. Kisha mrudishe kwenye zile ripoti za PDF.