Tairi la baiskeli ya kwendea kazini: soma namba ndogo kwanza

Baiskeli yangu ni ile ndefu ya kizamani. Kila siku ya kazi hunitoa Nkuhungu hadi Dodoma mjini, nyuma nimefunga madaftari ya wanafunzi kwenye keria. Mwaka juzi nilimwomba muuzaji tairi la 28, akanipa la 28. Tulihangaika nalo mimi na fundi mpaka magharibi, likakataa kukaa kwenye ringi.

La zamani liliandikwa 28 × 1½, jipya 28 × 1.50. Mimi nafundisha hesabu. Darasani hizo ni namba moja. Kwenye baiskeli ni matairi mawili tofauti. Ukweli uko kwenye namba ndogo za pembeni, zenye kistari katikati: la zamani 40-635, jipya 40-622. Namba ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha ringi pale tairi linapokalia, nayo lazima ilingane kabisa. Inchi 26 nazo zina mtego huohuo: za baiskeli za milimani ni 559, lakini zile nyembamba za 26 × 1⅜ ni 590. Nenda dukani na tairi kuukuu begani, au piga picha namba zake.

Unene ndio unaochagua mwenyewe, kwa kutazama njia yako. Kwa ringi ya 559, mtu anayepita lami kidogo na mchanga kidogo ningempa 47 hadi 50, lenye mstari laini katikati na meno pembeni. Meno makubwa kote hukuchosha bure kwenye lami. Hakikisha tu linapita kwenye uma na madigadi bila kugusa. Likunje kidogo kabla ya kulipa: likionyesha nyufa, limekaa juani muda mrefu, liache.

Halafu kuna mbigili. Wakazi wa Dodoma wananielewa. Usikubali tairi jepesi la mpira mwembamba hata likiwa bei nafuu. Mimi huchana tyubu kuukuu kwa urefu, nikaitandika kati ya tairi na tyubu nzima. Kingo zake uzikate vizuri, zisije zikaisugua tyubu.

Tyubu nunua yenye valvu nene kama ya gari au pikipiki, iwapo tundu la ringi linairuhusu. Popote wanapojaza upepo pikipiki, wewe pia utajaza.

Kuhusu ringi, ya chuma hubeba mizigo, ila ikilowa mvua breki huteleza. Ya aluminiamu hushika vizuri zaidi na ni nyepesi. Lakini kama breki zako ni zile za vyuma virefu, zinazobana ringi kwa upande unaotazama habu (kitovu cha gurudumu), usibadilishe ringi peke yake. Itabidi ubadilishe na breki. Hesabu pia matundu ya spoku. Baiskeli nyingi za aina yangu zina 32 mbele na 40 nyuma, za milimani mara nyingi 36 kote. Ringi na habu zisipolingana idadi, fundi hana la kufanya.

Ringi ikishafungwa spoku mpya, irudishe kwa fundi baada ya wiki mbili azikaze tena. Mwanzoni hulegea, hasa za nyuma chini ya keria.