Kuchimbua gofu la tembe na makaburi yake Ugogo

Tembe, nyumba ya paa bapa la udongo ya Wagogo wa katikati ya Tanzania, likianguka huwa udongo juu ya udongo. Kuta zilikuwa miti na fito zilizokandikwa, na paa lilikuwa boriti, fito, nyasi, kisha udongo tena. Mvua zikishapita miaka kadhaa, vyote hubaki tuta dogo ambalo ng'ombe hukanyaga kila siku. Aliyejifunzia kazi kwenye majengo ya Kirumi, yenye misingi ya mawe na chokaa, huku anaweza kukata ukuta katikati akidhani anaondoa kifusi. Zoea jingine la kuacha ni kutafuta makaburi mbali na makazi. Sheria ya kale ya Roma ilikataza kuzika ndani ya mji, ndiyo maana makaburi yao hupangana kando ya barabara nje ya kuta. Ugogo kaburi linaweza kuwa hatua chache kutoka mlangoni, ndani ya uzio wa minyaa. Kwa hiyo nyumba, zizi, jalala na makaburi yapimwe kama eneo moja tangu siku ya kwanza.

Kabla ya jembe kugusa ardhi, uwe na leseni ya Mkurugenzi wa Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 haikuruhusu kuchimbua bila leseni hiyo, hata kama mwenye shamba amekubali. Serikali ya kijiji na wazee wa ukoo waelezwe mapema, na makaburi yatajwe wazi. Usiyafiche ndani ya maneno "utafiti wa mabaki".

Kazi ifanyike kati ya Juni na Oktoba. Mvua za Dodoma huanza kuelekea Desemba, na shimo likijaa maji kuta zake zitamomonyoka. Kiangazi nacho kina taabu zake: ardhi hukauka kama tofali, na upepo humwaga vumbi juu ya sakafu uliyoisafisha. Jioni nyunyizia ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita 4 za mraba, funika kwa turubai, na asubuhi mwiko wa mwashi utakata bila kubomoa. Usimwage maji kwa ndoo moja kwa moja. Tumia bomba la kupulizia dawa shambani, lililo jipya, lisilowahi kutiwa dawa.

Piga vigingi vya nondo vya nusu mita na ufunge uzi wa fundi katika miraba ya mita 2 kwa 2. Ulalo wa kila mraba, yaani kona hadi kona ya mkabala, uwe mita 2.83, ukipata 2.90, mraba umepinda na michoro yote itapinda nao. Weka alama moja ya kudumu kwenye mwamba au kigingi cha zege, na kina cha kila kitu kipimwe kutoka hapo. Huna mashine ya kupimia? Mpira wa maji wa mafundi ujenzi unatosha, ilimradi usiwe na mapovu ndani. Udongo uliotolewa urundikwe mita 2 au zaidi kutoka ukingoni, na shimo lisizidi mita 1.2 bila kukata ngazi au kuegemeza mbao, kwa kuwa udongo mkavu wa kichanga hauonyi kabla ya kuporomoka.

Sasa kazi yenyewe. Toa tabaka la juu, kisha usimame ukwangue mraba mzima kwa mwiko hadi uwe sawasawa. Angalia saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelala. Mchana wa saa sita rangi zote huwa moja. Alama za nguzo huonekana kama duara za udongo laini uliopangana mstari. Lakini mchwa nao huacha duara. Njia ya kuzitenganisha ni kukata nusu ya duara kwenda chini: shimo la nguzo lina kingo zilizonyooka na kitako kinachoeleweka, ilhali njia ya mchwa hujikunja na kuingia pembeni. Mchwa huyohuyo hushusha shanga ndogo kutoka tabaka la juu hadi la chini, kwa hiyo ushanga mmoja chini ya sakafu haujathibitisha kitu.

Ukishuka ndani ya nyumba utakutana kwanza na udongo wa paa. Hapa wengi hudanganyika. Udongo huo ulichimbwa mahali pengine, labda penye jalala la zamani, ukapandishwa juu ya nyumba pamoja na vigae vyake vya vyungu na hata vipande vya zana za mawe. Vigae hivyo vinaweza kuwa vikuukuu kuliko nyumba. Viwekee mfuko wao na namba ya tabaka yao, wala visitumike kukadiria umri wa tembe. Chini ya udongo wa paa tafuta mstari mwembamba wa giza, mabaki ya nyasi na fito, halafu sakafu iliyoshindiliwa. Vitu vilivyolala juu ya sakafu ndivyo vya nyumba. Kama tembe liliungua, una bahati: udongo wa ukutani huiva na kubakiza chapa za fito.

Udongo wa kawaida upite chekeche la matundu ya milimita 5. Wa sakafuni na makaburini, milimita 2, la sivyo shanga zitapotea. Kwa vipimo vya kaboni, vinavyokadiria umri, chagua mbegu iliyoungua ya mtama au uwele badala ya nguzo, maana mti ulianza kukua muda mrefu kabla ya kukatwa. Kwa mambo ya baada ya karne ya 17, kaboni hutoa majibu mapana mno. Kwenye njia ya misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, shanga za kioo husaidia zaidi.

Makaburi mengi yapimwe, yachorwe na kuachwa. Fungua lile tu ambalo lina sababu, kibali na ridhaa ya ndugu. Ukipata mifupa inayoonekana ya karibuni, simama na utoe taarifa polisi.

Kaburi huonekana kama doa refu la udongo uliochanganyika. Chora mpaka wake kabla ya kushuka, na shimo, udongo uliolijaza na mifupa kila kimoja kipewe namba yake. Ukifika kitako bila kuona mtu, usiseme ni tupu. Kaburi la Kiislamu linaweza kuwa na mwanandani, yaani nafasi ya kulaza maiti, uliochongwa ubavuni upande wa kibla, na kibla ya Dodoma iko kaskazini. Kichwa basi kitakuwa mashariki. Kagua ukuta wa kaskazini kwa upole.

Safisha mifupa kwa vijiti vya mwanzi na brashi laini, kuanzia kichwani kwenda miguuni, bila kunyanyua hata mmoja. Chora kwa kipimo cha 1:10, piga picha yenye rula na mshale wa kaskazini, ndipo unyanyue: miguu ya kushoto na kulia mifuko tofauti, mikono vivyo hivyo, fuvu mwisho. Kwa mtoto, vichwa vya mifupa vinavyokua hufanana na kokoto, basi udongo wote unaoizunguka upite chekeche. Mifupa ianikwe kivulini juu ya magazeti, jua huipasua. Mfuko wa plastiki uliofungwa kabla haijakauka huotesha ukungu. Lebo ziwe mbili, moja ndani na moja nje, kwa penseli, kwa sababu wino hufutika.

Mwisho, tandika viroba vilivyotobolewa juu ya sakafu na kuta, mwaga sentimita 10 za mchanga safi, kisha rudisha udongo ukishindilia kila sentimita 20. Acha juu mwinuko kidogo, kwa kuwa udongo utashuka mvua za kwanza zikinyesha na maji yatatafuta bonde hilo.