Namna ya Kujaribu Nguo kwa Picha Kabla ya Kuinunua Mtandaoni

Mkazi wa Tanga anayeagiza gauni kutoka Kariakoo hulipa kwa simu, kisha husubiri mzigo ushuke na basi katika stendi ya Kange, na nguo ikimbana kifuani, gharama ya kuirudisha huwa juu yake, tena mara nyingi muuzaji hakubali kuipokea. Teknolojia ya kujaribu nguo kwa picha inaweza kupunguza hasara hiyo, mradi itumiwe kwa kazi inayoiweza.

Programu hizi hutumia akili mnemba kuivisha nguo juu ya picha ya mtu, zikichora upya mikunjo na vivuli kulingana na mkao wa mwili. Google ilianza mwaka 2023 nchini Marekani kwa picha za wanamitindo wa saizi XXS hadi 4XL, na mwaka 2025 ikawaruhusu wanunuzi wa huko kuweka picha zao wenyewe.

Ukipata programu ya namna hiyo, piga picha ya mwili mzima wakati wa mchana, ukiwa umesimama wima mbele ya ukuta mtupu, mikono ikiwa mbali kidogo na kiwiliwili. Usivae dera wala baibui, kwa sababu nguo pana huficha mabega na kiuno, na programu hulazimika kukisia. Mwanamke asiyetaka picha ya aina hiyo itoke kwenye simu yake, nami namuunga mkono kabisa, achague mwanamitindo mwenye umbo linalokaribia lake. Anayepakia yake asome kwanza itahifadhiwa kwa muda gani na nani ataiona.

Picha itakuonyesha kama rangi inakukubali, shingo imekatwaje na pindo linafika wapi. Haitakuambia kama nguo inakutosha, kwa kuwa nyingi ya programu hizi hazijui vipimo vyako, na zinaweza kukuvisha gauni dogo likaonekana limekaa vizuri. Kwa hiyo chukua gauni lako linalokutosha, litandaze mkekani, ulipime kwa futi kamba kutoka kwapa hadi kwapa. Ukipata sentimita 52, mzunguko wa kifua chake ni 104. Mwombe muuzaji apime vivyo hivyo nguo anayoiuza, wala usiridhike na herufi ya L, maana L ya kiwanda kimoja si L ya kingine. Kwa joto la Tanga uliza pia kama kitambaa ni pamba au poliesta, na uombe video fupi ya kitambaa kikiwa kimeshikwa mkononi kwenye mwanga.

Muuzaji wa Ngamiani anayetangaza kwa WhatsApp naye aipige picha nguo ikiwa imetundikwa, kwa mbele, bila kuongeza rangi, na aandike vipimo chini yake.

Ukibaki kati ya saizi mbili, agiza kubwa: fundi cherehani ataipunguza, lakini nguo isiyoachiwa kitambaa cha ziada kwenye mishono hawezi kuipanua.